Mama mkwe anataka odii iingie kwenye begi la mtoto

Shangazi, salaam kutoka Arua.

Mume wangu ni muuguzi Manchester, Uingereza, na huu ni mwaka wake wa pili huko. Viza zetu zimetoka na tiketi zimekatwa: mimi, binti yetu wa miaka mitatu na nusu, na mdogo wake wa kiume wa miezi kumi ambaye bado ananyonya. Tunaondoka Entebbe mwanzoni mwa Januari, tunabadilisha ndege Dubai baada ya kungoja saa nne, halafu Manchester. Kabla ya hapo kuna basi la Arua hadi Kampala, tulale kwa dada yangu, ndipo twende uwanjani. Mimi sijawahi kupanda ndege, na nitakuwa peke yangu na watoto wote wawili.

Tatizo langu ni begi la mkononi. Najua mtu akisikia hivyo ataona ni jambo dogo, lakini nyumba nzima imekosa amani kwa ajili yake.

Baba watoto anasema kwa simu nibebe begi moja jepesi, basi. "Kila kitu kipo huku." Yeye aliondoka na kompyuta na sweta moja. Mama mkwe, ambaye nimeishi naye vizuri na ndiye aliyenisaidia kuwalea hawa watoto, anasema mama anayesafiri na watoto bila chakula wala dawa ni mama asiyejali. Ameshaleta makopo mawili ya odii (siagi ya karanga na ufuta), chupa ya asali, samli nusu lita kwenye chupa ya soda, na samaki wa angara waliokaushwa vizuri wamefungwa kwa gazeti. Masanduku makubwa yamejaa, kwa hiyo anataka vitu hivyo viingie kwenye begi la mtoto, kwa sababu ameambiwa uwanjani hawakagui mzigo wa mtoto mchanga. Anataka pia nibebe uji kwenye flaski.

Kisha kuna Piriton. Mama amenunua chupa ya dawa hiyo, ile ya maji, na kusema niwape kijiko kimoja kimoja kabla ya kupanda, watalala mpaka Dubai. Jirani yetu alifanya hivyo na watoto wake hawakusumbua mtu.

Dada yangu wa Kampala anasema nisisikilize yeyote, nibebe mabegi matatu kwa sababu ni haki yetu. Tiketi inasema kilo 7 kwangu na kilo 7 kwa binti. Kwa mtoto mdogo haisemi vizuri. Nimejaribu kupanga kwenye sutikesi ya magurudumu aliyoiacha baba watoto, nikaipima dukani: kilo 11, na odii bado haijaingia. Nikatoa pampasi. Nikarudisha pampasi. Nikatoa nguo zangu zote.

Ninaogopa mtoto atalia na watu wote watanitazama. Ninaogopa kumkatalia mama, atasema nimeshakuwa mzungu kabla hata sijaondoka Arua. Ninaogopa kumwambia mume wangu kwamba sitaweza, maana ametumia pesa nyingi sana kwenye viza hizi. Nimsikilize nani? Na tafadhali, Shangazi, usiniambie "beba vitu muhimu." Niambie ni nini, kiasi gani, na kikae wapi.

Mama wa Wawili, Arua

*

Mama wa Wawili, mwanangu, karibu.

Nimesoma barua yako na nimeona watu watatu wakipakia begi ambalo hakuna hata mmoja wao atakayelibeba. Mume anapakia kwa kumbukumbu ya mtu aliyesafiri peke yake. Mama anapakia kwa hofu ya bibi ambaye wajukuu wanamwendea mbali. Dada anapakia kwa haki iliyoandikwa kwenye tiketi. Wote wanakupenda na kila mmoja ana ukweli wake kidogo, ndiyo maana umeshindwa kuchagua. Lakini unaponiuliza umsikilize nani, mimi ningependa kwanza tujue begi lenyewe lina kazi gani. Pengine nusu ya ugomvi itaondoka yenyewe.

Tuanze na hilo la kwamba mzigo wa mtoto haukaguliwi. Ni kinyume. Begi la mtoto ndilo hufunguliwa mara nyingi, kwa kuwa ndilo lenye chupa, dawa na vyakula laini. Kanuni inayotumika viwanja vingi ni hii: kila kinachomiminika, kinachopakwa au kinachosukumwa kutoka kwenye tyubu kikae kwenye chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja mwangavu wa lita 1. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, hata kikiwa nusu tupu. Odii inapakwa, kwa hiyo mkaguzi anaiona sawa na losheni. Asali vilevile, samli vilevile. Makopo ya mama yangeishia kwenye pipa la uwanjani mbele ya macho yako, na hilo lingemuumiza zaidi kuliko kuambiwa leo.

Chakula na maziwa ya mtoto, pamoja na dawa anayoihitaji, hupewa nafasi ya kuzidi mililita 100 kwa kiasi cha safari, ila unavitoa kwenye begi na kuvionyesha, na unaweza kuombwa ufungue. Kwa hiyo uji wa flaski unaweza kupita. Shida yake ni saa. Uji uliopikwa Kampala asubuhi utakuwa umekaa vuguvugu muda mrefu kabla hujafika nusu ya safari, na vuguvugu ndiko vijidudu hupenda. Beba unga wa uji wa mtoto ule wa kukorogwa kwa maji ya moto, mkavu, vipimo vinne, kila kimoja kwenye kimfuko chake. Wahudumu wa ndege watakupa maji ya moto, ila si wakati wa kupaa, kutua au ndege inapotikisika, kwa hiyo omba mapema kabla mtoto hajaanza kudai. Tena una bahati: unanyonyesha. Hicho ni chakula kisichopimwa kilo wala kukaguliwa.

Kuhusu Piriton hapo nitasema wazi kuliko mahali pengine. Hiyo ni dawa ya mzio, na usingizi ni athari yake ya pembeni. Haipendekezwi kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na wako ana miezi kumi. Hewa ndani ya ndege ikiwa angani ni nyembamba kama ya mlimani, sawa na kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, yaani Kabale au juu yake kidogo. Mtoto mwenye afya haoni shida, lakini hapo si mahali pa kumpa kitu kinachoweza kulegeza upumuaji wake. Na kuna watoto ambao dawa hii huwageuza: badala ya kulala wanachachamaa, na hutajua wako ni wa aina gani mpaka mlango wa ndege umefungwa. Watoto wa jirani walilala, ndiyo. Hilo halikuambii wako watafanyaje. Ukitaka, mpeleke mama kliniki siku utakayowapima watoto uzito, amsikie nesi mwenyewe. Mara nyingi neno la nesi halina uchungu ambao neno la mkwe linao.

Dawa za kubeba ni chache: paracetamol ya maji kwenye chupa yake yenye lebo, na kipimo kilichoandikwa kliniki kulingana na uzito wa kila mtoto, sirinji ya plastiki ya kupimia, maana kijiko hakipimi sawa ndege ikitikisika, kipimajoto, pakiti mbili za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha). Usichanganye paracetamol na dawa ya mafua kabla ya kusoma lebo, kwa sababu nyingi za mafua zina paracetamol ndani tayari.

Sasa begi lenyewe. Sutikesi ya magurudumu, tupu, huwa na kilo 2.5 hadi 3. Umetumia karibu nusu ya kilo zako 7 kubeba sanduku. Halafu inahitaji mkono mmoja kuivuta, na wewe mikono yako ina kazi: mmoja ni wa binti, mwingine ni wa pasipoti. Begi la mgongoni lisilo na chuma lina chini ya kilo 1. Mtoto mdogo atakaa kifuani kwa lesu au kibebeo, begi mgongoni, mikono yote huru. Nakushauri ufanye zoezi: vaa hivyo kabisa, mtoto na begi, mshike binti mkono, tembea mpaka sokoni na kurudi. Zoezi hilo litakujibu kuhusu mabegi matatu ya dada kuliko mimi. Ana haki kabisa kwamba binti mwenye kiti chake ana mzigo wake, na mashirika mengi huruhusu pia mfuko mdogo wa vitu vya mtoto wa mapajani (uliza shirika lako). Lakini Dubai ni uwanja mkubwa, kuna treni na ngazi za umeme kati ya milango, na kigari cha mtoto ulichokikabidhi kwenye mlango wa ndege Entebbe huenda usikione mpaka Manchester. Uliza jambo hilo kaunta, usisubiri kulijua ukiwa umefika.

Uliomba kiasi, basi tuhesabu. Kutoka mlango wa dada yako Kampala hadi mikononi mwa baba watoto ni karibu saa 24: foleni ya barabara ya Entebbe, saa 3 uwanjani, ndege ya kwanza kama saa 5, kungoja saa 4, ndege ya pili karibu saa 8, pasipoti na masanduku. Pampasi moja kwa kila saa 3 ni 8. Ongeza 4 za kuchelewa au tumbo kuharibika. Kumi na mbili. Zina uzito wa nusu kilo hivi tu, kwa hiyo hizo ulizokuwa unazitoa na kuzirudisha hazikuwa adui. Adui ni tishu za unyevu: pakiti nzima ina maji mengi na inaweza kukaribia uzito wa pampasi zote hizo. Hamisha nusu yake kwenye mfuko wa zipu.

Kisha fanya hivi. Chukua kavera ndogo (mfuko wa plastiki), tia pampasi moja na tishu sita zilizokunjwa ndani ya kipande cha plastiki, funga. Tengeneza kumi na mbili. Choo cha ndege ni chembamba, kimeza cha kubadilishia ni kibao kinachoshushwa juu ya choo, na huwezi kuingia na begi. Unachomoa kifurushi kimoja kwa mkono mmoja, unaingia, unamaliza, uchafu unarudi kwenye kavera ileile. (Wasomaji wanaopitia Nairobi au Kigali wajue kavera za kubebea zimepigwa marufuku huko, Rwanda tangu 2008 na Kenya tangu 2017, tumieni mifuko ya kitambaa.)

Binti wa miaka mitatu na nusu ameshaacha pampasi, najua. Lakini choo cha ndege huvuta kwa kishindo, na watoto wengi wakishakisikia mara moja hukataa kurudi. Mtoe nje kwanza, funika, ndipo ubonyeze. Na mbebee pampasi tatu za kuvaa kama chupi, usimwambie ni za mtoto.

Nguo: mdogo seti mbili, binti seti moja na chupi mbili, na wewe blauzi moja. Usiitoe hiyo blauzi. Mtoto akitapika humtapikia aliyembeba, na utakaa na harufu hiyo saa nane. Sweta na soksi na kofia wavae au washike mkononi, ndani ya ndege kuna baridi. Majaketi mazito usiyabebe kabisa kama baba watoto anaweza kuja nayo mlango wa kutokea. Januari Manchester ni nyuzi joto 2 hadi 7, lakini mpaka mtakapomwona mtakuwa ndani ya jengo. Hatari iliyopo ni ndege kuelekezwa mji mwingine au kushushwa kwa ngazi nje, ndiyo maana kofia na sweta visikosekane.

Chakula kikavu cha binti: chapati zilizokatwa vipande virefu, biskuti zisizo na krimu, ndizi mbili za sukari za kuliwa mapema kabla hazijapondeka. Karanga nzima na bisi viache. Mtoto chini ya miaka mitano hupaliwa navyo kwa urahisi. Chupa za maji zipite ukaguzini tupu, uzijaze ndani. Kikombe chenye mrija kilichofungwa chini hurusha maji usoni ukikifungua angani, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani inatafuta njia. Kilegeze mfuniko kwanza.

Vitu vya kuchezea viwe vidogo na visivyoviringika. Mpira utaufuata chini ya viti kumi. Stika, kalamu nne za rangi na daftari, picha kwenye simu na hedifoni. Usimwonyeshe vyote Entebbe. Kimoja kitoke kila anapochoka kabisa. Pawabenki ya 20,000 mAh ina kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), chini ya kikomo cha Wh 100, na ni lazima iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie masanduku makubwa: betri hizo zikipata moto chini ya ndege hakuna wa kuuona mapema.

Jumlisha yote hayo na begi tupu, utakuwa kati ya kilo 5 na 6. Kuna nafasi imebaki.

Kilichobaki ni kipochi cha kuvaa shingoni au kiunoni, ambacho hakivuliwi hata ukilala. Pasipoti tatu, viza, vyeti vya kuzaliwa vya NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda), barua ya baba watoto ya kukubali usafiri iliyogongwa muhuri wa wakili, anwani na simu yake kwenye karatasi, kadi za chanjo. Kwetu mama na mtoto mara nyingi hawana jina la ukoo moja, na afisa wa mpaka Uingereza anaweza kuuliza huyu ni nani wako. Cheti cha kuzaliwa kinajibu hapohapo. Kadi ya homa ya manjano itakusubiri wakati wa kurudi, kwani Uganda huidai kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja, na mwanao mdogo keshafikia umri wa kuchanjwa, ambao ni miezi 9. Dawa na pawabenki viwe karibu kwa juu, maana ndege ikijaa wahudumu huweza kuchukua begi lako mlangoni lishuke chini, na una dakika moja tu ya kuvitoa.

Kuna uamuzi mmoja wa kiti ambao unagusa begi, na watu hawauelezi. Unaweza kuomba kiti cha mbele chenye kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani. Faida yake ni kwamba mikono yako inapumzika. Lakini vitanda hivyo vina kikomo, mara nyingi kilo 10 au 11 na urefu wa sentimita 70 na kitu, na mvulana wa miezi kumi huwa ameukaribia. Ndege ikitikisika unamtoa hata kama amelala. Pia mbele yako hakuna kiti, kwa hiyo begi lote linapanda kabati la juu wakati wa kupaa na kutua, na sehemu za kuwekea mikono haziinuki, binti hawezi kulaza kichwa mapajani. Kiti cha kawaida kinakuacha na mtoto mikononi muda wote, ila begi liko miguuni na binti analala juu yako. Mpime uzito na urefu kwanza. Ukichagua cha mbele, weka vifurushi viwili na kitu cha kunyonya kwenye mfuko wa jaketi lako kabla begi halijapanda.

Masikio ndiyo huwaliza wengi, hasa wakati wa kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua. Mwamshe mdogo umnyonyeshe hapo, binti mpe maji kwa vifunda au kipande cha chapati cha kutafuna. Akilia hata hivyo, analia kwa sababu masikio yanauma, na kulia kwenyewe humsaidia kuyazibua. Umeandika kwamba watu watakutazama. Watatazama, wengine kwa huruma kuliko unavyodhani. Sidhani ni begi linaloweza kukukinga na macho yao, na ninajiuliza kama kilo zile 11 hazikuwa jaribio la kupakia kinga hiyo.

Turudi kwa mama. Unaona njia gani? Ya kwanza ni kupokea vyote kimya kimya na kuviacha kwa dada Kampala. Ni rahisi leo. Ila wiki ya pili atapiga simu amuulize mwanawe, "Odii umeionja?" Ya pili ni kumwachia mume amwambie mamake. Inaweza kufaa, wanaelewana, lakini anaweza kuona umeenda kumshtaki. Ya tatu ni kukaa naye chini na mizani, ufungue masanduku makubwa pamoja naye. Yamejaa nini? Kama kuna magauni mepesi ya binti ambayo hatayavaa Januari na Julai hayatamtosha, kilo za odii zimepatikana. Odii na asali zikienda chini ya ndege kwenye makopo yanayofungwa kwa skrubu, mfuniko umezungushiwa selotepu, kavera mbili, katikati ya nguo, hufika salama. Samli ni habari nyingine: Uingereza hairuhusu nyama wala vitu vya maziwa vya msafiri kutoka kwetu. Samaki na asali vina viwango vyake, ambavyo baba watoto atavisoma kwenye tovuti ya serikali ya huko kabla hamjafunga sanduku. Njia hii nayo ina hatari: mama anaweza bado kuumia, na utahitaji subira ya siku nzima. Wewe unamjua, mimi simjui.

Huenda pia anachotaka ni kuwa na mkono wake kwenye safari hii. Zile chapati, nani azipike? Lesu la kumfungia mtoto, litoke sanduku la nani?

Na mume wako. Umesema unaogopa kumwambia hutaweza. Je, lazima iwe "sitaweza"? Yapo mambo ambayo yeye akiwa Manchester anayaweza kuliko wewe Arua: kupigia shirika la ndege kuhusu kiti na kitanda, kuomba mtu wa kukusindikiza Dubai kati ya milango miwili, chakula cha mtoto kwenye ndege ya pili, barua ya wakili, majaketi, pampasi za wiki ya kwanza ziwe nyumbani tayari. Mtumie orodha hiyo kwa WhatsApp kama kazi, uone atakavyoipokea. Kama atanyamaza au atasema unazidisha, basi kuna mazungumzo mengine kati yenu ambayo hayahusu begi, na niandikie tena.

Jambo la mwisho ni la baada ya kufika. Mtoto yeyote akipata homa katika miezi mitatu ya kwanza, mwambie daktari wa huko siku hiyohiyo kwamba mmetoka Uganda na uombe apimwe malaria. Wao hawaifikirii haraka kama sisi. Kitanda cha ndege kiombwe wiki hii, maana viko vichache na hutolewa kwa anayewahi.

Shangazi